Rohff na deni la mtaa

Mara ya kwanza kumsikia Rohff, rapa wa Ufaransa, nilikuwa uani kwa bibi yangu, Malindi, Unguja, mwaka 2004. Binamu yangu aliyezaliwa Ufaransa alikuja kwa harusi, na ndani ya begi lake, kati ya chokoleti na manukato ya kuwagawia mashangazi, alikuwa na kasha lenye sidii mbili: La Fierté des nôtres. Akachomoa sidii ya taarab iliyokuwa kwenye redio ya bibi, akatia yake, akapandisha sauti.

Pale uani hakuna aliyejua Kifaransa isipokuwa yeye. Tulichokisikia sisi ni sauti nzito, ya kukwaruza, ya mtu anayesema haraka bila kupoteza pumzi, kama aliyeitwa barazani kujibu shtaka na ana mengi ya kusema kabla hajanyamazishwa. Bibi, Mngazija kwa baba na kwa mama, yaani mtu wa Ngazija, kisiwa kikubwa cha Komoro, alistahimili nyimbo mbili.

“Anagombana na nani huyo?”

“Hagombani, Koko,” binamu akajibu, maana kwao huko Vitry bibi bado huitwa koko kama Ngazija. “Anaimba. Na huyu ni mwenzetu. Mngazija.”

Bibi akaweka pepeo mapajani. “Mwenzetu? Mtoto wa nani?”

Binamu akafikiri kidogo, akasema: “Mtoto wa Vitry.”

Kwa bibi hilo halikuwa jibu. Kwa binamu lilikuwa jibu tosha. Tangu siku ile nimejifunza Kifaransa cha kuniwezesha kuyafuata mashairi, nimezisikiliza albamu zake kuu moja baada ya nyingine, na bado naona kazi nzima ya Rohff imekaa katikati ya swali la yule bibi na jibu la yule kijana. Ugenini, ambako hakuna anayemjua baba yako, mtaa ndio unaokupa ukoo. Mtaa ulimpa Rohff sauti, ukampa wasikilizaji, ukampa hadhi. Kisha ukaanza kumdai.

Waandishi wa muziki wa Ufaransa humpima kwa mauzo au kwa bifu lake na rapa mwenzake Booba. Vipimo vyote viwili vinampunja, na naomba msomaji anivumilie nikianza mbali kidogo.

Jina lake la kuzaliwa ni Housni Mkouboi. Alizaliwa Antananarivo, Madagascar, tarehe 15 Desemba 1977, kwa wazazi Wakomoro. Mahali hapo na wakati huo vina uzito. Komoro ilijitangazia uhuru Julai 1975, Mayotte ikabaki mikononi mwa Ufaransa. Desemba 1976, mwaka mmoja kabla hajazaliwa, Wakomoro wa Mahajanga, upande wa kaskazini magharibi mwa Madagascar, waliuawa kwa mamia. Maelfu waliosalimika walirudishwa visiwani, wengi kwa ndege za shirika la Ubelgiji la Sabena, na mpaka leo visiwani watu hao wanaitwa kwa jina la ndege: Sabena. Mtoto wa Kikomoro aliyezaliwa Madagascar baada ya hapo alizaliwa mgeni. Mwaka 1985, akiwa na umri wa miaka 7, Housni akahamia kwenye ugeni wa pili, Ufaransa.

Alikulia viunga vya Paris, na mji uliomtengeneza ni Vitry-sur-Seine, kusini mwa jiji, mkoa wa Val-de-Marne, ambao vijana wake huutaja kwa namba yake tu: 94. Vitry ulikuwa mji wa viwanda na wa Wakomunisti. Kwa miongo mingi meya alitoka chama hicho, na wafanyakazi walitoka kila koloni la zamani la Ufaransa, kuanzia Algeria na Mali hadi Guadeloupe. Magorofa marefu yalijengwa baada ya Vita Kuu ya Pili ili watu wa viwandani wapate pa kulala. Kazi zilipokauka, magorofa yalibaki palepale na watu wake ndani, na watoto wao wakakua wakiambiwa warudi kwao, ilhali kwao ni hapo chini ya ngazi.

Sisi wa pwani tuliocheza kinyume utotoni tunaielewa haraka lugha ya vijana wale. Wao huiita verlan, na jina lenyewe ni l'envers, yaani kinyume, lililogeuzwa mbele nyuma. Africain ukiligeuza unapata cainfri, na hapo ndipo lilipotoka jina la kundi lililomlea Rohff: Mafia K'1 Fry. Lilikusanya vijana wa Orly, Choisy-le-Roi na Vitry. Alikuwamo Kery James, mwana wa Wahaiti. Walikuwamo watatu wa kundi la 113, yaani Rim'K mwenye asili ya Algeria, Mokobé mwenye asili ya Mali na AP mwenye asili ya Guadeloupe. Alikuwamo DJ Mehdi, fundi wa biti mwenye asili ya Tunisia, ambaye mwaka 1999 aliipika albamu ya 113, Les Princes de la ville, kwa namna ambayo rap ya Kifaransa ilikuwa haijawahi kusikika. Sijui kundi jingine la muziki barani Ulaya ambalo ramani ya ukoloni ilikaa yote kwenye sofa moja namna ile. Na jina walilochagua ni la bara, wakaligeuza ili polisi na walimu wasilitambue.

Vipaji vipo kila mahali. Vipaji vile viliingia sokoni kwa sababu ya sheria. Mwaka 1994 Bunge la Ufaransa lilipitisha sheria ya kuzitaka redio zipige angalau asilimia 40 ya nyimbo za Kifaransa, na kuanzia Januari 1996 ikaanza kufanya kazi. Lengo lilikuwa kuilinda lugha dhidi ya Kiingereza. Matokeo yake hayakutarajiwa na wengi: redio za vijana zilihitaji muziki mpya wa Kifaransa kila wiki, na waliokuwa nao ni watoto wa magorofani. Redio ya Skyrock ikaigeukia rap kwa nguvu zote, ikajitangaza kuwa ya kwanza kwa muziki huo. Watunga sheria waliotaka kuilinda lugha ya Molière wakawapa kipaza sauti watoto wa Wakomoro, Wamali na Wakabyle wa Algeria waliokuwa wakiigeuza silabi kwa silabi. Rohff ni mtoto wa sheria ile sawa na alivyo mtoto wa Vitry.

Albamu yake ya kwanza ilitoka mwaka 1999, akaipa jina Le Code de l'honneur, Kanuni ya Heshima. Wakosoaji walisikia hapo filamu za Kimarekani za majambazi. Inawezekana, vijana wote wa zama zile walizitazama. Lakini mtu aliyelelewa na Wangazija anasikia kingine.

Ngazija mwanamume hahesabiwi mtu kamili mpaka afanye anda, ndoa kuu ya mila. Kabla ya hapo anahesabiwa miongoni mwa wanamdji, watoto wa mji, hata awe na mvi na shahada ya udaktari. Akishaifanya anaingia kwa wandru wadzima, watu wazima, na kwenye bangwe, uwanja wa mji, anakuwa na mahali pake pa kukaa na haki ya kusema. Heshima hiyo inapatikana mbele ya macho ya watu, kwa ng'ombe, dhahabu, mchele na fedha zilizokusanywa miaka na miaka, nyingi zikitoka kwenye mishahara ya ndugu walioko Ufaransa. Na haipatikani kwa siri. Kilichotolewa bila mashahidi hakikutolewa.

Sasa msikilize Rohff wa miaka ya mwanzo kwa sikio hilo. Anataja nani alikuwa naye tangu mwanzo, nani alimgeuka, nani yuko gerezani, mama wa nani anateseka, nani alipewa akasahau. Anatoa hesabu hadharani. Anachokifanya mbele ya kipaza sauti ndicho wazee wanachokifanya kwenye bangwe: kutangaza nani ni nani, na kwa haki gani anasimama kusema. Ngazi za gorofa la Vitry zilikuwa bangwe lake. Hii ni tafsiri yangu, na ndiyo inayonieleza kwa nini neno heshima halimtoki mdomoni, na kwa nini baadaye lilimponza.

Mwaka 2001 ukaja wimbo uliompeleka kila nyumba ya Ufaransa, Qui est l'exemple?, yaani nani wa kuigwa. Ni wimbo wa kuchezeka, na ndani yake kuna kaka mkubwa anayewatazama wadogo wa mtaa wakiwaiga wakubwa wasiofaa kuigwa, akijua fika kwamba na yeye ni mmoja wa wanaotazamwa. Watu wengi huutaja wimbo huo wakiisahau alama ya kuuliza iliyo kwenye jina. Mimi nadhani alama hiyo ndiyo wimbo wenyewe. Angeweza kujitangaza mfano, kama walivyofanya wengi. Angeweza kukataa kabisa, kama Booba, aliyekuwa wazi siku zote kwamba hana deni la malezi kwa mtoto wa mtu. Rohff aliuliza, na kwa kuuliza hadharani akawa ameshika mzigo ambao hakuna tena namna ya kuutua.

Nisimame kidogo kwenye ufundi, kwa kuwa ndiko anakoonewa zaidi. Shairi letu la tarbia lina mizani 16 kwa mstari, kina cha kati na kina cha mwisho, na sikio lililozoea hesabu hiyo likimsikia Rohff linashika kitu hata kabla ya kuelewa neno. Haridhiki na kina cha mwisho wa mstari. Anapanda irabu mbili tatu katikati, anazirudia mwishoni, anazibeba mpaka mstari unaofuata, na anaweza kwenda na sauti ileile kwa muda mrefu kama kina cha bahari kwenye utenzi, kinachorudi kila beti kuwafunga wote pamoja. Booba hupenda mstari mfupi unaodunda kama kofi, na picha moja kali inayobaki kichwani. Rohff hujenga hoja. Sentensi yake ina kwa kuwa, ina ingawa, ina kwa hiyo. Ni rap ya mtu anayetaka kukushawishi, na ndiyo maana bibi yangu alidhani anagombana.

La Fierté des nôtres ya mwaka 2004, Fahari ya Watu Wetu, ndiyo kilele chake kwa maoni yangu. Sidii mbili, na karibu hamna wimbo wa kujazia nafasi. Neno linalobeba albamu hiyo ni nôtres, wetu. Hasemi fahari yangu. Mwaka uliofuata akatoa Au-delà de mes limites, na mwaka huohuo wa 2005, tarehe 27 Oktoba, vijana wawili, Zyed Benna na Bouna Traoré, walikufa kwa kupigwa na umeme ndani ya kituo cha umeme Clichy-sous-Bois walikojificha wakiwakimbia polisi. Viunga vya Ufaransa vikawaka moto kwa wiki tatu. Baada ya hapo wabunge na maseneta wapatao 200 walimwandikia waziri wa sheria kutaka marapa kadhaa wachunguzwe kwa kuchochea chuki, kundi la 113 likiwamo. Yaani watoto wawili walikufa, na watu wazima wa bungeni wakaona wa kuulizwa ni wapiga muziki. Mpaka leo likinijia nakasirika. Linaonyesha pia ulivyokuwa mzigo wa Rohff na wenzake: taifa liliwapa kazi ya kuwalea vijana ambao lenyewe halikutaka kuwalea, kisha likawashtaki kwa malezi mabaya.

Desemba 2008 ikatoka Le Code de l'horreur. Weka majina mawili kando kwa kando. 1999: Code de l'honneur. 2008: Code de l'horreur. Masikioni tofauti ni ndogo mno, sauti ya n imekuwa r, na heshima imekuwa jambo la kutisha. Sidhani alikuwa anacheza na maneno tu. Miaka tisa baadaye kanuni ileile aliyoisifu akiwa na umri wa miaka 21 alikuwa ameona inafanya nini kwa watu: waliokufa, waliofungwa, waliorudi nyumbani na macho yasiyotulia. Albamu hiyo ina giza, na ina ukweli ambao kijana wa 1999 asingeweza kuuandika. Hapo ndipo angeweza kulipa deni lake na kuhama.

Wenzake walikuwa wameshahama, kila mmoja kwa njia yake. Kery James alimpoteza rafiki, Las Montana wa Mafia K'1 Fry, aliyeuawa mwaka 1999. Aliingia kwenye dini kwa moyo wote, na mwaka 2001 akarudi na Si c'était à refaire, albamu aliyoitengeneza bila ala za nyuzi wala za kupuliza, kwa sauti na ngoma tu, kwa sababu ya imani yake. Baadaye akaandika barua kwa Jamhuri kwa mdundo, akapanda jukwaa la tamthilia, akatunga filamu. Alibaki mtu wa mtaa, ila mtaa ulikubali kumwita mwalimu.

Booba alipita njia nyingine. Mwana wa Boulogne-Billancourt, baba Msenegali, alitoa Mauvais œil mwaka 2000 na mwenzake Ali chini ya jina la Lunatic, kupitia lebo yao wenyewe. Mwaka 2004 akaanzisha chapa ya nguo, Ünkut, akaja kuhamia Miami. Aliugeuza mtaa kuwa bidhaa, na bidhaa haimdai mtu kitu baada ya kuuzwa. Sikubaliani naye katika mengi, lakini alielewa mapema jambo ambalo Rohff hakutaka kulielewa: mtaa unaoimba kuuhusu si lazima uwe ndio unaokuhukumu.

Rohff alibaki. Kwa wengine huo ni uzito wa akili, kwangu ni uaminifu, na uaminifu wa namna hiyo una gharama. Mtu aliyejenga jina lake lote kwa kusema hadharani nani ana heshima na nani hana, akidharauliwa hadharani analazimika kujibu hadharani. Kati ya mwaka 2012 na 2013 bifu lake na Booba lilikolea, nyimbo za kujibizana zikafuatana, na mitandao ikageuka bangwe lisilo na mzee hata mmoja. Kwenye bangwe la kweli yuko mtu wa kusimama katikati na kusema basi, imetosha. Mtandaoni kila aliyekuwepo alikuwa akichochea kuni. Mwaka 2013 akaipa albamu yake herufi P.D.R.G., Padre du Rap Game, baba wa mchezo huu. Alidai ubaba wakati watoto walikuwa wameshaacha kusikiliza.

Tarehe 21 Aprili 2014 Rohff na kundi la watu waliingia dukani kwa Ünkut, mtaa wa Les Halles katikati ya Paris. Booba hakuwapo. Waliokuwapo ni wafanyakazi wa duka. Walipigwa, na mmoja wao, kijana wa miaka 19, aliumizwa vibaya na kukimbizwa hospitali. Jioni hiyohiyo Rohff alijipeleka polisi. Oktoba 2017 mahakama ya Paris ilimhukumu kifungo cha miaka 5, akakata rufaa.

Binamu alinipigia simu usiku ule wa Aprili. Alikuwa anaongea kama mtu aliyefiwa. Alianza kueleza: unajua, alichokozwa miaka mingi, alitukaniwa familia, mtu ana mipaka yake. Nilikuwa kwa bibi, simu ikiwa wazi, na bibi, ambaye wakati huo alikuwa haoni vizuri tena, akataka kujua kuna nini. Nikamwambia yule mwimbaji Mngazija wa Ufaransa amewapiga watu dukani kwa adui yake. Nilidhani atasema neno juu ya Rohff.

“Na huyo kijana aliyeumizwa,” akauliza, “ni mtoto wa nani?”

Simu ikanyamaza. Huko Paris binamu yangu hakusema kitu kwa muda mrefu.

Kijana wa miaka 19 anayekunja fulana kwa mshahara katikati ya Paris ndiye hasa mdogo aliyeulizwa habari zake kwenye wimbo wa 2001. Ndiye wa kuonewa uchungu, ndiye anayetazama wakubwa ili ajue aende wapi. Naandika haya kwa uchungu maana naipenda kazi ya Rohff, na siwezi kuipenda kwa kuliruka duka lile. Kanuni aliyoiimba ilikuwa na kosa tangu mwanzo, na kosa lenyewe ni kwamba heshima ya mtu inaweza kurudishwa kwa mwili wa mwingine. Ngazija wanaotoa ng'ombe na dhahabu kutafuta heshima huwa wanajifilisi wenyewe. Hawamfilisi jirani.

Booba naye hakusalimika na kanuni hiyo. Tarehe 1 Agosti 2018 yeye na rapa Kaaris walipigana pamoja na wafuasi wao ndani ya uwanja wa ndege wa Orly, manukato ya dukani yakigeuzwa silaha mbele ya wasafiri, na Oktoba mwaka huo kila mmoja alihukumiwa kifungo cha nje cha miezi 18 na faini ya euro 50,000. Miami haikumtoa mtaani kama alivyodhani.

Hata hivyo lililommaliza Rohff sokoni halikuwa mahakama. Tarehe 4 Desemba 2015 alitoa Le Rohff Game. Siku hiyohiyo Booba akatoa Nero Nemesis, na magazeti yakaandika kuhusu pambano la wakubwa wawili. Siku hiyohiyo pia kijana wa Marseille aitwaye Jul, anayeimba kwa Auto-Tune, programu ya kunyoosha sauti, juu ya biti za kuchezeka, anayetoa albamu karibu kila baada ya miezi michache bila bifu na mtu, akatoa My World. Jul akawapita wote wawili. Wazee walikuwa wanapigania kiti, na mtoto akaondoka na nyumba. Mwaka uliofuata Ufaransa ikaanza kuhesabu usikilizaji wa mtandaoni kwenye mauzo ya albamu, na upepo ukazidi kuvuma upande wa wanaotoa nyimbo nyingi, nyepesi, haraka. Mwandishi wa sentensi ndefu zenye ingawa na kwa hiyo hakuwa na nafasi. Surnaturel ya Desemba 2018 ina nyimbo za mtu ambaye kalamu yake bado inakata, lakini aliyetaka kukatwa na kalamu hayupo.

Kuna Mngazija mwingine wa kumlinganisha naye, Soprano, jina lake Saïd M'Roumbaba, wa magorofa ya kaskazini mwa Marseille, aliyeanza na Psy 4 de la Rime. Oktoba 2017, mwezi uleule wa hukumu ya Rohff, Soprano alijaza uwanja wa Vélodrome kwa nyimbo ambazo bibi, mama na mtoto huimba pamoja. Wapo wanaosema Soprano ndiye aliyefaulu, na Rohff ndiye aliyeshindwa. Nampenda Soprano, ila hesabu hiyo siikubali. Muziki wake unakumbatia kila mtu, na ili umkumbatie kila mtu ilibidi uache kusema baadhi ya mambo. Rohff aliyasema. Mtu akitaka kujua mwaka 2001 au 2004 kijana mweusi wa Vitry alilala akiwaza nini, akiogopa nini, akimwonea nani wivu, hatayapata kwenye takwimu za serikali ambayo kwa kanuni zake haihesabu raia kwa rangi wala asili. Atayapata kwa Rohff, pamoja na ubabe wake, pamoja na maneno juu ya wanawake ambayo yalikuwa mabaya siku ile na ni mabaya leo.

Agosti 2019 binamu alifanya anda yake Ngazija. Ni msimu ambao visiwa hujaa ndugu kutoka Ufaransa, wale wanaoitwa kwa utani je viens, nakuja. Usiku, baada ya wazee kumaliza shughuli zao na twarab kwisha, vijana waliozaliwa Marseille na viunga vya Paris walimshika aliyekuwa akipiga muziki, wakamwonyesha simu. Ukaanza Qui est l'exemple?. Wengi wao walizaliwa baada ya wimbo huo kutoka. Walijua kila neno, hata pumzi anapoivuta walivuta naye, na mmoja alinyanyua vidole juu, tisa kisha vinne. Binamu alikuwa amekaa na wandru wadzima, ndani ya joho na kilemba, mkono juu ya bakora. Mtu aliyefikia daraja hiyo hasimami kucheza na watoto. Nilimtazama usoni kwenye mwanga wa taa za bangwe. Kichwa hakikutikisika, lakini midomo yake ilikuwa inafuata mstari kwa mstari.